Kikohozi cha Siwatu Makeke

Wapo watakaosema nchi hii haipo. Na iwe haipo. Nitaisimulia hivyo hivyo, maana wenyewe walishatangaza mara nyingi kwamba hawana cha kuficha. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo wa taifa ambao watu waliishia ubeti wa kwanza, na ilikuwa na Chuo Kikuu kimoja, kilichozungushiwa ukuta mrefu ili wasomi wasisumbuliwe na mambo yanayotokea.

Tena ilikuwa na mwimbaji, Siwatu Makeke. Jamani, binti yule alijua kuimba! Mama yake aliuza maandazi, muziki hakuusomea popote, lakini akishika kipaza sauti hata askari walisahau walitumwa kumpiga nani. Aliimba habari za mashemeji wachoyo, za wenye nyumba wanaochungulia sufuria za wapangaji, za wanaume wanaoahidi godoro wakaleta mkeka. Watu walicheza mpaka wakasahau kwamba mabomba yao hayajatoa maji tangu enzi za Rais aliyepita. Serikali, iliyokuwa sikivu mno kwa kila jambo linalosahaulisha, ikaona neema ya namna hii haiwezi kuachwa mikononi mwa wananchi. Ilihitaji wataalamu.

Basi Kitivo cha Tiba kikafungwa kwa ajili ya ukarabati, na kilipofunguliwa kilikuwa Kitivo cha Taaluma za Siwatu. Vitanda vilitolewa, makabati ya vioo yakabaki, ndani yake vikapangwa viatu vyake. Kulikuwa na Idara ya Maneno, Idara ya Mavazi, Idara ya Mashabiki, na Idara ya Ukimya, iliyochunguza yale ambayo Siwatu hakuyaimba. Idara hiyo ya mwisho ndiyo iliyoelemewa na kazi kuliko zote. Mkuu wa Kitivo alikuwa Profesa Alphonce Lumelezi, aliyepata sifa zamani kwa utafiti wa mafua ya kuku, na Bunge likapitisha Sheria ya Kumhifadhi Siwatu, inayokataza mtu yeyote kumgusa, kumhamisha au kumlisha kitu kipya bila kibali cha Kitivo. Mwenyewe alipewa nyumba nzuri ndani ya ukuta wa Chuo, na askari wawili mlangoni wa kumlinda asitoke.

Humo kitivoni alikuwamo Dokta Nasibu Kilindi, mhadhiri wa Idara ya Mashabiki. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha adabu na koti moja zuri. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria maonyesho na kueleza kitaalamu kwa nini watu wanapiga kelele. Alikuwa pia na aibu moja aliyoificha wenzake wasiijue: alizipenda zile nyimbo. Alizipenda tu, bure, kama anavyozipenda dereva wa lori, na akiwa bafuni peke yake aliziimba.

Sasa ikaja sikukuu ya Uhuru. Uwanja umefurika, Siwatu yuko katikati ya wimbo wake uitwao "Jiko Halina Moto", ghafla akageuza uso, akaweka leso mdomoni, akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda, mabega yakitikisika, kisha akaendelea kuimba. Halafu shabiki mmoja jukwaa la mashariki akakohoa kumwitikia, jirani yake naye akakohoa, na kabla wimbo haujaisha uwanja mzima ulikuwa unakohoa kwa mpigo mmoja, Waziri aliyekuwa mgeni rasmi akiwamo.

Nasibu hakukohoa. Kikohozi kile alikuwa akikijua vizuri, maana alilala nacho chumba kimoja utotoni, dada yake Havijawa alipokonda mpaka nguo zikawa kama zimetundikwa msumarini, na jasho la usiku likalowesha godoro. Hakikuwa kikohozi cha vumbi wala cha mafua. Havijawa walimzika kabla hajafunga ndoa.

Kesho yake asubuhi Profesa Lumelezi aliitisha kikao cha dharura.

"Wanataaluma wenzangu," alisema, akivua miwani ili aonekane ameguswa, "jana utamaduni wetu umezaliwa upya. Kikohozi kile kimebomoa ukuta baina ya sauti na kisicho sauti. Ni mwili unaoukosoa ushairi wake wenyewe. Ni mapafu ya taifa yanayoihoji hewa!"

Makofi yakapigwa. Nasibu akanyoosha kidole.

"Profesa, samahani. Labda anaumwa."

Walimgeukia wote, kama mtu aliyetoa upepo msikitini.

"Anaumwa," Lumelezi alirudia polepole. "Dokta Kilindi, huo ni usomaji wa juu juu mno. Hata mpishi wa kantini angeusema huo."

"Ndiyo, Profesa. Mpishi amesema."

Wakacheka, wakadhani ni mzaha, na kikao kikaendelea.

Miezi iliyofuata, kikohozi kilikua na elimu yake ikakua. Kitivo kiligawanyika katika mikondo miwili: Mkondo Mkavu, ulioamini kwamba kikohozi cha Siwatu ni kikavu na kwa hiyo ni cha kiharakati, na Mkondo Mbichi, ulioamini kwamba kina makohozi na kwa hiyo ni cha kimapenzi. Hawakukaa meza moja kunywa chai. Profesa mmoja Mkavu alimtandika mwenzake Mbichi kwa mkoba wa kongamano, na tukio hilo likachunguzwa na mwanafunzi wa uzamili. Mtu hakuweza kuajiriwa uuguzi wala ualimu bila kufaulu mtihani wa kukohoa mbele ya jopo. Mashabiki walianzisha mazoezi katika kumbi zilizofungwa madirisha, sauti isipotee, wakikoholeana usoni mpaka jioni.

Halafu ikaja damu. Siwatu alikohoa kwenye leso nyeupe jukwaani, na leso ikatoka na matone mekundu. Msaidizi wa utafiti aliinyakua kabla haijakauka. Wiki ileile viwanda vilikuwa vimeshachapa vitenge vyeupe vyenye matone mekundu, na wanawake wakavishona sare za harusi. Leso halisi iliwekwa kabatini chini ya taa, na balozi wa nchi rafiki alipoletwa kuitazama, aliinama kwa heshima. Nasibu alikuwa miongoni mwa wenyeji wa balozi. Alitoka nje, akashika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi juu ya maua ya Makamu Mkuu wa Chuo. Aliwachukia watu wale, naye alijichukia kwa kuwa beji yake ilifanana na yao.

Siku hiyo aliamua kwenda Kamati ya Maadili ya Utafiti. Alijua kumwendea Siwatu bila kibali ni jela; tena alikuwa bado anaamini, maskini, kwamba kamati yenye neno maadili katika jina lake itamsikiliza. Mwenyekiti alikuwa Dokta Remigia Shauri, mama mwenye sauti laini aliyewahi kumzuia mwanafunzi kuhoji watu kwa sababu viti vyao havikuwa na mito.

"Unaomba nini hasa, Dokta Kilindi?"

"Naomba kumwambia Siwatu aende hospitali."

Wajumbe waliguna. Dokta Remigia aliweka kalamu chini.

"Yaani unataka kumwingilia mtafitiwa?"

"Nataka asife, mama."

"Hapo ndipo vijana mnapokosea. Mtafiti mwadilifu haachi alama. Ukimtibu, kikohozi kitabadilika, na kikibadilika, data zote za miezi hii zimechafuka. Tasnifu ngapi zitakufa?"

"Na yeye je?"

"Yeye tunamheshimu," alisema Dokta Remigia, kwa upole wa kweli kabisa, na hilo ndilo lililomtia Nasibu baridi. "Ndiyo maana hatumgusi."

Mjumbe mmoja alitaka kujua kama Siwatu ametia saini ridhaa ya kupona. Ilionekana hajatia. Ombi likakataliwa kwa kauli moja, na Nasibu akapewa kijitabu cha maadili akasome tena.

Likafuata Kongamano la Kimataifa la Kikohozi. Ukumbi ulipambwa vitenge vya matone, wageni walitoka kila pembe ya dunia inayolipa nauli, na jukwaani, kwenye kiti chenye kibao kilichoandikwa MATINI, alikaa Siwatu Makeke mwenyewe. Nasibu alikuwa hajamwona kwa karibu kwa muda mrefu. Mashavu yalikuwa yamebonyea, mifupa ya shingo imetokeza, macho makubwa yakizunguka ukumbini kumtafuta mtu mmoja wa kumwangalia kama mtu.

Waziri wa Elimu, Burudani na Mazishi alifungua kongamano. "Nchi nyingine zimejaliwa dhahabu," alinguruma. "Nyingine zina gesi. Sisi Mungu katujalia kikohozi! Na tunasema hapana, hatutakiuza nje kikiwa ghafi. Tutakiongezea thamani hapa hapa nyumbani!"

Ukumbi ulikohoa kwa furaha. Ndipo Siwatu akasimama, bila kupangiwa, akaushika ukingo wa meza.

"Jamani, naombeni kusema," alisema, na sauti iliyokuwa ikijaza viwanja haikufika safu ya tano. "Mimi naumwa. Kifua kinaniuma, usiku natota jasho, chakula hakipiti. Nawaombeni, nipelekeni hospitali. Nitaimba nikirudi, naapa."

Kwa dakika moja nzuri, Nasibu alidhani yamekwisha, kwamba sasa mtu ataita gari. Profesa Lumelezi alisogeza kipaza sauti.

"Tumshukuru kwa mchango wake. Hata hivyo, mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba msanii si mamlaka juu ya kazi yake. Anachosema Siwatu kuhusu Siwatu ni maoni tu, tena ya mtu asiye na shahada."

Makofi mazito. Mbichi mmoja aliinuka kuuliza, anaposema "nipelekeni", ni nani hasa anayepelekwa? Mkavu mmoja akajibu kwamba swali lenyewe ni la kikoloni. Siwatu aliketi, akajifunika uso kwa mikono, akalia. Mzee mmoja wa Idara ya Ukimya alipendekeza ianzishwe Idara ya Machozi, na hoja ikaungwa mkono. Kisha mshereheshaji akatangaza chai.

Hapa inabidi nieleze desturi ya wasomi wa nchi ile. Waliweza kuvumilia mengi: dhuluma, uongo, hata kusomewa makala ya mwenzao mpaka mwisho. Hawakuweza kuvumilia kuwa nyuma kwenye foleni ya sambusa. Mshereheshaji hakumaliza neno; ukumbi ulimwagikia nje, Wakavu na Wabichi wakisukumana mlangoni bila ubaguzi, Waziri akipitishwa mbele, na wale askari wawili wakikimbia nyuma yake na vikombe vyao wenyewe. Ile hazina ya taifa, iliyolindwa kwa sheria yenye vifungu vingi kuliko Katiba, ilibaki imekaa peke yake na kibao chake.

Nasibu hakuwa na njaa. Alipanda jukwaani.

"Dada Siwatu, mimi naitwa Nasibu. Unaweza kutembea?"

Akamtazama kwa wasiwasi. "Mpaka wapi, kaka?"

"Mpaka garini."

"Hapo naweza."

Wakatokea mlango wa nyuma, Nasibu akimbeba zaidi kuliko kumshika mkono, na gari lake bovu lililoaibisha maegesho ya wahadhiri likawafikisha ng'ambo ya mpaka kabla wasomi hawajagundua kuwa sambusa za nyama zimekwisha. Huko kulikuwa na hospitali ndogo tu, isiyo na nadharia. Muuguzi alisikiliza kifua, akapeleka makohozi kwenye darubini, akarudi na kusema, "Kifua kikuu. Kinatibika. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine." Hakuna aliyeuliza kikohozi kinasema nini juu ya taifa.

Redio ya nyumbani ilitangaza kwamba Nasibu Kilindi, aliyekuwa msomi, ameiba matini ya taifa. Alifukuzwa kazi, akavuliwa shahada, akasomewa dua mbaya na dini zote. Hakujali sana. Aliwafundisha hesabu watoto wa wauguzi, na kila asubuhi alimpelekea Siwatu uji, akisimama pale mpaka ameze vidonge vyote. Miezi ikapita. Mashavu yakarudi, kitambi kidogo nacho kikaja, kicheko kikarudi, na asubuhi moja akiwa anafua akaanza kuimba, kwanza kwa kujaribu, halafu kwa kifua chote. Wagonjwa walitoka vitandani wakasimama mlangoni. Nasibu aliweka bakuli la uji chini akalia bila kujificha.

"Kaka Nasibu, nataka kurudi," Siwatu alimwambia siku alipopewa ruhusa ya daktari. "Wale mashabiki wangu, si wale maprofesa. Wakiniona mzima watafurahi."

Nasibu alikuwa na mashaka, lakini alikuwa ameisikia sauti ile. Alisema moyoni, hii nani ataikataa?

Waliikataa. Mpakani walikamatwa, wakaletwa mbele ya jopo la uhakiki, na Siwatu akaambiwa aimbe "Jiko Halina Moto". Aliimba mwanzo mpaka mwisho, safi, kuliko alivyopata kuimba maishani. Profesa Lumelezi alisubiri, akasubiri, kisha akainama mbele.

"Kikohozi kiko wapi?"

"Nimepona, Profesa."

"Kikohozi hakiponi, binti. Kikohozi ni nadharia."

Jopo halikuhitaji muda mrefu. Lilithibitisha kwamba mtu huyu ana sura ya Siwatu, sauti ya Siwatu na alama za vidole vya Siwatu, lakini hana Siwatu ndani yake. Kwa hiyo ni nakala. Na kwa kuwa ni nakala, Nasibu hakuwa ameiba kitu cha thamani, akaachiliwa kama mjinga wa kawaida. Nje ya lango mashabiki walikuwa wamejaa na sare zao za matone, wengi wao wakiwa wamekonda kuliko zamani. Walimzomea. "Tumekukoholea tukaumia vifua," alipiga kelele mwanamke mmoja akipepesuka, "leo unatuletea nyimbo!" Nasibu alimshika Siwatu mkono, wakapita katikati ya mate.

Serikali haikukaa na pengo. Ilitangaza mashindano ya kumpata Siwatu mwingine, yatakayofanyika katika hospitali moja ya vifua iliyokuwa imesalia nchini, kwa kuwa huko, alisema Waziri, ndiko vipaji viliko. Wasichana wote walikaribishwa. Kuimba hakukuwa lazima.

Nasibu na Siwatu walikwenda alfajiri, wakakuta foleni imeshazunguka ukuta wa hospitali. Walipita kwa mmoja mmoja wakiwasihi warudi wodini, na mmoja mmoja akawapa kisogo. Siwatu alipoona maneno hayasaidii, akasimama juu ya jiwe akaimba. Sauti ilienda mbali katika ile asubuhi tulivu. Mama mmoja alimvuta sketi. "Shoga, tuhurumie, nyamaza kidogo. Watoto wanafanya mazoezi."

Mama huyo alikuwa na binti yake, msichana mrefu aliyejiegemeza ukutani, kipaji cha uso kikimeta jasho ilhali kulikuwa na baridi. Alipomwona Nasibu, mama akaangaza uso.

"Ee, wewe si ndiye Dokta Kilindi wa Idara ya Mashabiki, yule wa redioni? Shikamoo, Profesa! Mungu kakuleta. Naomba unisikilizie huyu Tatu wangu kabla hatujaingia."

"Mama, huyu mtoto anaumwa," Nasibu alisema. "Hawampi dawa?"

"Wanampa, wanampa. Alikuwa ameanza kupata nafuu, nikaogopa." Akapunguza sauti kama anayempa siri shemeji yake. "Vidonge namficha tangu watangaze."

Siwatu alishuka kwenye jiwe akapiga magoti vumbini, akaishika miguu ya yule mama. "Mrudishie dawa zake, mama yangu. Leo hii, sasa hivi. Mimi nilikuwa hivi hivi, nikapona. Niangalie. Mimi ndiye Siwatu."

Mama alimwangalia. Alimwangalia mashavu, akamwangalia mikono iliyoshiba, na kwa huruma ya mtu mwenye haraka akamwinua.

"Pole, mwanangu. Siwatu wa kweli angetuombea tushinde."

Kisha akamfuta Tatu jasho kwa upindo wa kitenge, akamgeuza amwelekee Nasibu, akamnyoosha mgongo. Msichana alivuta pumzi, akakohoa, akashika kifua, machozi yakamtoka.

"Kwa nguvu, mwanangu," mama alisema, akimpapasa mgongoni. "Usione haya. Profesa anasikiliza."